Deheni ya Laptopu: Umri wa Kompyuta za Gemu katika Hewa ya Pemba

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya walimu, wanafunzi, mafundi na wazazi. Umechapwa kama ulivyosomwa, pamoja na maneno ambayo mzungumzaji aliwaelekea wasikilizaji.



Najua wapo waliotoka Konde na Micheweni tangu asubuhi, na wapo waliofunga maduka yao ili wafike hapa. Nitajitahidi muda wenu usipotee.

Nimeombwa nijibu swali ambalo huulizwa mezani kwangu karibu kila siku: “Fundi, laptopu ya gemu hudumu miaka mingapi?” Huuliza mzazi ambaye mwanawe anaitaka, na fedha ya kuinunua ni ya karafuu za msimu mzima. Huuliza mpiga video wa harusi, ambaye hachezi gemu hata siku moja, ila ameinunua kwa sababu kadi yake ya grafiki humwondolea usiku wa kungoja video ikamilike. Huuliza mwanafunzi anayejifunza kuchora majengo. Na huuliza kijana wa mpira wa kwenye kioo, ambaye yeye hasa ndiye mwenye mashine.

Kusudi langu leo ni moja. Nataka kuonyesha kwamba umri wa mashine hizi unakadirika na unarefushika, na kwamba hapa Pemba mambo yanayoukata ni machache, yanajulikana, na karibu yote yamo mikononi mwetu. Nimezipanga hoja zangu tano. Hazilingani urefu: ya pili nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo inayoua mashine nyingi.

Kabla sijaanza, niruhusuni nimtaje babu yangu mzaa mama. Alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, akiunda mashua na kuzikarabati. Mtu akimuuliza, “Mzee, chombo hiki kitaishi miaka mingapi?” hakuwa akitaja miaka. Aliuliza naye: “Utakipandisha lini kukipaka deheni?” Vijana wengine huenda hamjaiona deheni ikikandwa. Ni chokaa na mafuta ya mnyama, hupakwa sehemu ya chini ya chombo, ile inayokaa majini, ili wadudu watoboao mbao wasipate njia. Juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Nafasi baina ya mbao hukalafatiwa kwa pamba. Na deheni haikai milele. Maji huiondoa kidogo kidogo, mpaka ibidi chombo kipandishwe pwani, kikwanguliwe na kupakwa upya. Mashua mbili za fundi mmoja, mbao za mti mmoja, moja huoza katika miaka michache na nyengine hurithiwa na wajukuu. Nitamrejea babu.

Hoja ya kwanza: tujue tunapima umri gani

Laptopu ya gemu ina umri wa mwili na umri wa nguvu. Umri wa mwili ni ule wa kuwaka na kufanya kazi. Umri wa nguvu ni wa kuzimudu gemu zinazotoka mwaka huu. Watu huuchanganya umri huu na ule, kisha hulaumu mashine kwa kosa ambalo haikulifanya.

Chukueni mfano wa Grand Theft Auto V, ambayo nadhani hakuna kijana humu asiyeijua. Ilipotoka kwa ajili ya kompyuta mwaka 2015 ilitaka nafasi ya gigabaiti 65 hivi kwenye diski. Mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ikaleta Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta, nayo ikataka 150. Laptopu ya 2015 haikuharibika ndani ya miaka hiyo minne. Mzigo ndio uliozidi, na kadi ya grafiki ya laptopu nyingi imelehemiwa kwenye ubao, haibadilishwi kama ile ya kompyuta ya mezani. Siku uliyoinunua ndiyo siku nguvu yake iliyopimwa.

Upo na umri wa tatu, wa programu, nao hukata bila kelele. Tarehe 1 Januari 2024, Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, liliacha kuihudumia Windows 7 na Windows 8. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikafunga huduma za kawaida za Windows 10. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kiasi. Kwa Intel, orodha yake kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo mashine ya 2016 yenye afya njema, feni inazunguka, kioo safi, inaambiwa imestaafu. Mimi mashine hizo siziuzi kwa chuma chakavu. Huzitia mfumo wa Linux, zikaenda kwa mwanafunzi wa skuli, na zinafanya kazi.

Sasa makadirio yangu, kutokana na yaliyopita mezani kwangu. Laptopu ya gemu iliyonunuliwa mpya, ikitumika saa mbili tatu kwa siku na ikitunzwa, itacheza gemu mpya kwa raha miaka mitatu hadi mitano, na mwishoni mwa muda huo utaanza kupunguza ubora wa picha. Mwili wake utafika miaka saba au minane, na nyengine kumi, kwa kazi zisizo za nguvu. Isiyotunzwa, katika hewa yetu, nimeiona ikifa kabla haijatimiza miaka miwili.

Ila mwaka wenyewe ni mwaka wa saa ngapi? Kijana anayecheza saa 3 kila siku hutimiza saa 1,095 kwa mwaka. Mashine kama hiyo ikiwekwa kwenye banda la gemu na kuwashwa saa 12 kwa siku, hutimiza 4,380. Mwaka mmoja wa bandani ni miaka minne ya nyumbani. Mtu akikuuzia laptopu akakwambia “ina mwaka mmoja tu”, muulize ilikaa wapi.

Hoja ya pili: joto

Laptopu ya ofisini huja na chaja ya wati 45 au 65. Ya gemu huja na chaja ya wati 180, au 230, na zipo za 330. Karibu umeme wote huo mwisho wake ni joto, na joto hilo limefungiwa ndani ya kisanduku chenye unene wa vidole viwili. Hapa ndipo mashine hii inapotofautiana na dada yake wa ofisini, na hapa ndipo inapofia.

Wangapi humu wamewahi kuingia kiwanda cha makonyo ya karafuu pale Wawi? Naona mikono mingi, vizuri, kazi yangu imekuwa nyepesi. Mvuke hupitishwa kwenye makonyo, ukabeba mafuta, ukapelekwa kwenye baridi, ukarudi kuwa majimaji. Bomba la shaba lililolala juu ya prosesa ya laptopu hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo kwa udogo. Ndani yake mna maji machache sana, na hewa imetolewa. Upande wa prosesa maji yale huchemka, mvuke hukimbilia upande wa feni, hupozwa na kugeuka maji, na maji hunyonywa kurudi yalikotoka. Hakuna pampu. Mradi upande wa feni uwe na upepo, bomba litafanya kazi miaka na miaka.

Upepo ukizibwa, kila kitu husimama. Nikifungua mashine za hapa kwetu nakuta vumbi jekundu la barabara, nyuzi za majamvi, nyuzi za blanketi, nywele, vyote vimejipanga baina ya feni na vile vibati vyembamba vya shaba, vimekuwa kama kipande cha godoro. Feni inazunguka na kelele zake zote, lakini hewa haipiti. Kijana mmoja wa Mkoani aliniletea laptopu yake akitaka nimtafutie mnunuzi, akisema imechoka. Prosesa nyingi za siku hizi zikifika baina ya digrii 95 na 105 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na yake ilikuwa inafika huko ndani ya dakika chache za mchezo. Nilitoa vumbi, nikabadilisha pesti, nikamrudishia. Mwaka wa tatu huu bado anaichezea.

Hiyo pesti niliyoitaja ndiyo deheni ya laptopu. Uso wa prosesa na uso wa shaba vinaonekana laini kwa macho, kumbe vina mashimo madogo sana yaliyojaa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Pesti hujaza mashimo yale. Kila ukicheza na kuzima, chuma hutanuka na kunywea, nayo pesti husukumwa pembeni na kukauka, kama deheni inavyotolewa na maji. Katika mashine inayotumika sana, baada ya miaka miwili au mitatu huwa imebaki ukoko. Kuipaka upya ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua. Zipo mashine ambazo badala ya pesti zimetiwa metali ya majimaji yenye galiamu, metali inayoyeyuka kwenye digrii 30 hivi, yaani katika joto la kawaida la mchana wetu wa kaskazi. Hiyo hupitisha umeme na hula alumini. Mafundi wenzangu, mkiifungua mashine mkakuta kitu king’aacho kama zebaki, simameni kwanza, mjue mnashika nini.

Sasa nieleze kwa nini joto huua, maana kusema “joto baya” bila sababu hakumshawishi mtu. Mswidi Svante Arrhenius alionyesha mwaka 1889 namna kasi ya mabadiliko ya kikemia inavyopanda joto linapopanda. Wahandisi wa umeme wametoa humo kanuni ya kukadiria: kwa kapasita, vile vipande vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye ubao, kila joto likizidi kwa digrii 10, umri hupungua kwa nusu. Ikiwa moja ingeishi saa 20,000 katika joto fulani, ipandishie digrii 20 na utabakiwa na 5,000.

Jambo la pili ni lehemu. Chipu ya grafiki imeshikwa na vitone vidogo vya lehemu, mamia kwa mamia, na chipu hutanuka kwa kiasi chake, ubao kwa kiasi chake. Kila kuwasha na kuzima ni kama kukunja waya na kuukunjua. Siku moja hukatika. Hili si la kubuni. Julai 2008 kampuni ya Nvidia yenyewe ilitangaza kutenga baina ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za grafiki za laptopu zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa namna hiyo, na laptopu za makampuni makubwa zilihusika. Mafundi wa zama hizo walikuwa wakiziingiza bao kwenye tanuri ili lehemu ishike tena. Mashine huamka wiki mbili tatu, kisha hulala moja kwa moja. Mtu akikwambia leo atakuchomea ubao, mrudishie heshima yake na uchukue ubao wako.

Nami nina langu la kusimulia. Laptopu yangu ya kwanza ya aina hii niliitumia kitandani, juu ya godoro, usiku kucha, nikiwa kijana. Matundu ya hewa ya mashine hizi mengi yako chini, na godoro huyaziba kama kiganja mdomoni. Haikumaliza miezi kumi na sita. Nilipoifungua ubao ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia karibu na kadi ya grafiki. Fedha ya kuinunua mama aliiweka akiba kwa vibaba vya karafuu. Tangu siku hiyo sijawahi kuiweka mashine kwenye kitu laini, na nikiona mtoto ameilaza kwenye mto humwondolea bila kuomba ruhusa.

Mwenye laptopu ya gemu hapa Pemba aiweke juu ya kitu kigumu, na nyuma yake ainyanyue kwa vipande viwili vya ubao. Kila miezi sita afungue kifuniko cha chini, au amwite fundi, vumbi litoke. Na feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, isizungushwe kwa nguvu ya upepo ikaharibu mhimili wake. Pesti ibadilishwe kila miaka miwili au mitatu. Na kwenye setingi za gemu, aweke kikomo cha fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Vijana hawakipendi kikomo hiki, nalijua hilo. Lakini mashine isiyowekewa kikomo hutoa fremu mia na zaidi hata kwenye ukurasa wa kuchagua timu, ikichoma wati zote kwa picha isiyosogea.

Hoja ya tatu: unyevu na chumvi

Hii ndiyo hoja ambayo vitabu vya watengenezaji huipitia kwa mstari mmoja, na sisi wa kisiwani ndiyo inayotuhusu.

Kina mama, masika yakiingia chumvi ya jikoni huwaje? Naam, hulowana, ikajikusanya, mwisho hutoa maji. Ni kwa sababu chumvi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, na masika yetu hupita asilimia 80 siku nyingi mfululizo. Basi nyumba iliyo karibu na pwani, iwe Wesha, Tumbe au Mkoani, upepo huleta chembe za chumvi, na feni ya laptopu kazi yake ni kuvuta hewa. Chembe hutua kwenye ubao. Kaskazi, hewa ikiwa na ukavu kidogo, zinalala bila madhara. Masika zinageuka maji ya chumvi juu ya nyaya zenye umeme. Hapo huota kutu ya kijani, na mguu mmoja wa chipu huungana na jirani yake.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba mashine inayotumika hupona zaidi kuliko iliyofichwa. Laptopu ikiwaka ndani huwa na joto, na joto hukausha unyevu. Iliyofungiwa kabatini tangu Machi hadi Juni, kwa kuogopa isichakae, hutoka na kutu kwenye matundu ya chaja na ukungu kwenye kioo. Babu alikuwa akisema mashua iliyolazwa pwani msimu mzima hupasuka mbao kwa kukosa bahari. Hivyo iwasheni japo saa moja kwa wiki. Wakati haitumiki, iwekeni kwenye mfuko unaofungika pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, msivitupe. Mkitoka nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iacheni ndani ya mkoba nusu saa kabla ya kuifungua, maana hewa yetu ikigusa chuma baridi hutoa jasho.

Na ikiingia maji ya bahari, mtu ameshuka botini mkoba umelowa, msiizike kwenye mchele. Mchele hauondoi chumvi. Izimeni, msiijaribu kuiwasha hata mara moja, mfikishieni fundi siku hiyo hiyo betri itolewe na ubao uoshwe.

Hoja ya nne: umeme na betri

Wazee humu wanakumbuka majenereta ya Wesha. Tangu mwaka 2010 kisiwa chetu hupata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na bila ya waya huo nisingekuwa na mada ya kuzungumza leo. Lakini umeme popote duniani hukatika, na hatari yake iko kwenye kurudi. Unaporejea, mafriji na pampu za mtaa mzima huamka kwa pamoja, na volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia kwenye 230. Chaja ya laptopu huandikwa volti 100 hadi 240, nayo hustahimili mengi, ila si kila kitu. Kile kifaa cha kulindia friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa laptopu vile vile, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya chaja. Umeme ukikatika, chomoeni chaja. Utakaporudi, hesabuni hadi dakika tano.

Betri ndiyo ya kwanza kuchoka katika mwili wa laptopu, na hilo lichukulieni kama la kawaida. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991 na ambazo wavumbuzi wake John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, nyingi huanza kupoteza uwezo zikishachajiwa na kumalizwa mara 300 hadi 500. Hiyo ni miaka miwili mitatu. Laptopu ya gemu ina taabu yake ya ziada: kwa kuwa huchezewa ikiwa kwenye umeme, betri hukaa imejaa asilimia 100, tena juu ya joto, na hali hizo mbili zikikutana ndizo zinazoivimbisha. Watengenezaji wengi wameweka kwenye programu zao kitufe cha kuzuia chaji isipite asilimia 60 au 80. Kitafuteni leo usiku. Kazi ya dakika mbili hiyo inaweza kuwapa mwaka mzima.

Betri ikivimba, kibodi huinuka, au kitufe cha kugusia hukataa kubonyea. Acheni kuitumia. Msiitoboe, msiikandamize, msiitupe jaani wala msiichome pamoja na makuti. Iwekeni kwenye chombo cha mchanga mbali na nyumba mpaka fundi aichukue. Na kwa wale wanaowaagiza ndugu zao walioko Maskati: betri ya ziada ipitishwe kwenye mkoba wa mkononi, isiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege, na ikae ndani ya kikomo cha wati-saa 100. Ndiyo maana laptopu kubwa za gemu mtaona betri zao zimeandikwa 99.

Kijana wa shati la bluu amenyoosha mkono tangu zamani. Anauliza kuhusu diski: je, haifi kwa kujazwa gemu na kufutwa kila mara? Diski ya SSD ya terabaiti moja aghalabu hudhaminiwa kuandikwa terabaiti 600. Ukiandika gigabaiti 50 kila siku bila kukosa, utazimaliza baada ya miaka zaidi ya 30. Diski haitakuwa ya kwanza kukutoka. Lakini nakala ya kazi zako weka pahala pengine, maana ubao ukifa unaweza kuondoka nayo.

Hoja ya tano: ununuzi

Laptopu nyingi za gemu zinazofika kwetu ni za mtumba, ama kutoka Dubai, ama zimeletwa na jamaa kutoka Oman, nyengine zimepitia Darajani Unguja. Sizikatazi. Mtumba mzuri hushinda mpya wa bei rahisi. Ila mnunuzi wa Pemba atazame mambo ambayo mnunuzi wa mji mkubwa anaweza kuyapuuza. Je, betri imefungwa kwa skurubu au imegundishwa? Je, ramu inatoka, au imelehemiwa? Je, feni ya modeli hii naweza kuiagiza, au nitangoja miezi? Bawaba za kioo zimeshika plastiki au chuma? Na aicheze gemu nzito pale pale dukani kwa dakika 20, mkono ukiwa juu ya kibodi, kabla ya kutoa fedha. Muuzaji anayekataa dakika hizo amekwisha kujibu.

Mheshimiwa mwenyekiti, namalizia kwa yaliyo mbele yetu.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya betri inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vinavyobebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Laptopu zitakazotengenezwa kwa soko lile ndizo zitakazokuja kwetu miaka mitatu minne baadaye, zikiwa mtumba. Tutaweza kuzirefushia maisha kuliko hizi za sasa, ikiwa tutakuwa na mikono ya kuzishika. Nina matumaini makubwa na vijana wa vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe. Ufundi wa bao na lehemu ndogo unafundishika hapa hapa, na kila mashine itakayopona ni moja isiyozikwa kwenye ardhi ya mikarafuu. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme, na chini ya robo ndizo zilizoandikwa kuwa zimekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kisiwa hakina pa kuficha sehemu yake.

Nina ombi moja. Manahodha wa zamani walikuwa na kumbukumbu ya chombo: lini kilipandishwa, lini kilipakwa, ubao gani ulibadilishwa. Nimechapa daftari dogo la namna hiyo kwa ajili ya laptopu, lina kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa kwanza ni tarehe ya kununua na saa za matumizi kwa siku. Zinazofuata ni vumbi, pesti, betri, umeme, na siku ya kufa na sababu yake. Langu limo ndani kama mfano: mashine ya 2019, pesti 2021 na 2023 na 2025, betri moja mpya, feni moja mpya, na bado inawaka. Nakala hamsini ziko mlangoni, hazilipiwi. Masika yakiisha zirejesheni mezani kwangu, hata kama mmeandika mstari mmoja, ili mwakani mzazi akiniuliza swali lile nimfungulie daftari za Chake, za Wete na za Mkoani, nimsomee.